Nikon wa Mlima Mweusi: shahidi aliyeitwa na pande zote mbili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimekuwa nikisoma habari za watawa wa Urusi wa karne ya 15. Nimeona kwamba Nil Sorsky, anayetajwa kuwa mpinzani wa monasteri kumiliki vijiji, na Iosif wa Volokolamsk, aliyeitetea mali ya monasteri, wote wawili wanamtaja mtawa aitwaye Nikon kama shahidi wao. Je, huyu ndiye Patriarki Nikon? Na kama aliandika kwa Kigiriki, kitabu chake kiliwafikiaje Warusi? Kinachonitatiza zaidi ni hiki: inakuwaje kitabu kimoja cha kanuni kiwafae watu wasiokubaliana?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Siye Patriarki Nikon. Yule aliongoza Kanisa la Urusi kuanzia 1652, akarekebisha vitabu vya ibada mpaka waumini wakagawanyika, na mwaka 1666 akavuliwa cheo. Nikon unayekutana naye kwa Nil na Iosif alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka mia tano kabla ya hapo, na Urusi hakuwahi kuikanyaga. Ni Mgiriki wa karne ya 11, na watu humwita Nikon wa Mlima Mweusi.

Alizaliwa Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki, iliyotumia Kigiriki), yapata mwaka 1025, akawa askari. Katika enzi ya Kaisari Konstantino wa Tisa Monomako (1042 hadi 1055) aliacha silaha akaenda kuwa mtawa mbali sana na nyumbani, kwenye milima iliyo kaskazini mwa Antiokia, eneo ambalo leo liko kusini mwa Uturuki. Huko alipokewa na Luka, askofu mkuu wa zamani wa Anazarbo aliyekuwa ameacha kiti chake na kuanzisha monasteri.

Mlima Mweusi wa wakati ule haukuwa pori la upweke. Palikuwa na watawa Wagiriki, Wageorgia, Waarmenia na Wasiria, kila kundi na lugha yake na vitabu vyake. Efrem Mtsire, mmoja wa wafasiri wakubwa wa Kigeorgia, alikuwa akifanya kazi hukohuko katika miaka ileile. Tafsiri ilikuwa kazi ya kila siku mlimani, na kitabu kilichozaliwa katika mazingira hayo kilikuwa na nafasi nzuri ya kusafiri.

Luka alipofariki, Nikon alijaribu kuwashikisha ndugu zake kanuni walizoachiwa na mwalimu wao. Hawakutaka, naye akaondoka. Patriarki wa Antiokia alimpa kazi ya kuzunguka na kuwarekebisha watawa wa eneo hilo, kazi ambayo unaweza kukisia ilimletea marafiki wachache. Akaishi katika monasteri ya Mtakatifu Simeoni Mdogo, na hatimaye katika monasteri ya Roidion, nyumba ya Mama wa Mungu iliyokuwa pia na mahali pa kuwapokea wasafiri na maskini. Wakati huo huo dunia ilikuwa ikimbomokea. Waturuki Waseljuki walilishinda jeshi la Wagiriki huko Manzikert mwaka 1071, wakaingia Antiokia mwaka 1084, na mwaka 1098 mji huo ukatekwa na Wasalibani kutoka magharibi. Nikon alifariki mwanzoni mwa karne ya 12.

Zingatia vita hivyo, kwa sababu bila hivyo hutakielewa kitabu. Mtawa anayekimbia habebi maktaba. Maandishi ya Basili Mkuu peke yake, yakinakiliwa kwenye ngozi, ni mzigo. Ongeza mahubiri ya Yohane Krisostomo, Ngazi ya Yohane wa Sinai, misemo ya wazee wa jangwani, kanuni za mitaguso na sheria za makaisari, hapo unahitaji nyumbu kadhaa na njia salama. Na njia salama hazikuwepo. Jambo hili lilikuwa limeshawapata watawa wengine mapema zaidi. Baada ya Waajemi kuiteka Yerusalemu mwaka 614, mkuu wa monasteri moja ya Asia Ndogo, ambaye watawa wake walikuwa wakihamahama kwa hofu ya maadui, alimwomba mtawa Antioko wa monasteri ya Mtakatifu Saba amwandalie kitabu kimoja chenye kiini cha vyote. Antioko akakusanya sura 130 na mkusanyiko wake ukaitwa Pandekte, yaani kitabu kinachopokea yote ndani yake. Nikon alifuata njia hiyo, na jina likawa lilelile, ila mkusanyiko wake wenye sura 63 ni mkubwa na mzito zaidi, na umeingiza kitu ambacho Antioko hakukihitaji sana: sheria.

Hebu tuifungue sura moja tuone ilivyojengwa. Juu kuna kichwa kinachotaja jambo lenyewe, tuseme utii, au mfungo, au kutomhukumu jirani, au mali ya mtawa. Chini yake yanaanza maneno ya Maandiko. Kisha anaingia Basili, baada yake Krisostomo, halafu kisa cha mzee wa jangwani, halafu kanuni ya mtaguso, na mara nyingine sheria ya Kaisari Justiniani. Kila dondoo lina jina la mwenyewe. Nikon husema maneno machache tu ya kuunganisha, na hata hayo mara nyingi ni ya kueleza kwa nini ameweka ushahidi huu baada ya ule. Msimamo wake ameurudia mpaka unamjua kwa huo: mtawa asiseme jambo kutoka kichwani mwake, aseme lile lenye ushahidi. Na kwake "Maandiko ya Mungu" yalienea kupita mipaka ya Biblia. Yalihusisha mababa na mitaguso, kila kilichopokewa na Kanisa kama sauti ya kweli.

Kwa hiyo neno "kanuni za utawa" linahitaji uangalifu hapa. Kanuni ya monasteri fulani inakwambia mle saa ngapi, mkeshe lini, nani ashike ufunguo wa ghala. Pandekte inakupa hoja na mashahidi, nawe uende ukapange maisha yako kwa hizo. Mambo ya ratiba na desturi Nikon aliyaweka zaidi katika kitabu chake cha pili, Taktikoni, ambacho kimekusanya kanuni alizoziandika pamoja na barua nyingi alizowapelekea watu waliomuuliza maswali. Kanuni ya Roidion imo humo, ikiwa na maagizo juu ya wageni na maskini.

Katika Taktikoni kuna ungamo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Nikon alikusanya vitabu vya utaratibu wa ibada, vile vya monasteri ya Studio ya Konstantinopoli na vile vya Yerusalemu, akitarajia kupata utaratibu ulio sahihi. Akakuta havikubaliani. Si kwamba Studio ilipingana na Yerusalemu tu. Nakala moja ya Studio ilipingana na nakala nyingine ya Studio, na za Yerusalemu nazo hazikuafikiana zenyewe kwa zenyewe. Mtu mwingine angeficha tatizo hilo, achague nakala moja na kusema hii ndiyo. Nikon aliliandika waziwazi, kisha akakaa kulinganisha, akauliza wazee, akarudi kwa mababa. Karibu miaka elfu moja iliyopita, mtu aliyekuwa askari, katika milima iliyozungukwa na vita, alifanya kazi ambayo leo tunaiita uhakiki wa matini.

Sasa tuje kwa Waslavi, yaani Warusi, Wabulgaria na ndugu zao wa lugha.

Watu wa Kiev, dola ya Waslavi wa mashariki ambayo Urusi ilichipuka kwayo, walibatizwa mwaka 988, na katika karne ya 11 monasteri zao zilianza kutafuta utaratibu wa kuishi. Theodosi wa Monasteri ya Mapango ya Kiev alituma mtu Konstantinopoli amletee utaratibu wa Studio. Kilichofasiriwa ni ule uliotungwa na Patriarki Alexios (1025 hadi 1043) kwa ajili ya monasteri aliyoianzisha mwenyewe. Kigiriki chake kimepotea. Sisi tunaujua utaratibu huo kwa sababu Waslavi waliuhifadhi. Pandekte ya Antioko nayo ilikuwepo, na tunayo nakala yake ya karne ya 11 ya Kislavoni, lugha ya vitabu na ibada ya Waslavi. Nikon alipofika alikuta njia imeshakanyagwa.

Pandekte yake ilifasiriwa katika karne ya 12, na nakala za kale zaidi tulizonazo zinaanzia mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa ile ya 13. Maana yake ni kwamba kitabu kilitoka Antiokia kikawafikia watu wanaosoma Kislavoni ndani ya muda wa takriban maisha ya mtu mmoja tangu mtungaji wake afariki. Wakati huo kilikuwa bado kipya, na Wagiriki wenyewe walikuwa wakiendelea kukinakili.

Ilifasiriwa wapi? Hapo wataalamu wanavutana. Katika tafsiri hiyo kuna maneno ya nyumbani na sokoni ya Waslavi wa mashariki, watu wa Kiev na Novgorod. Lakini kando yake kuna maneno ambayo Mbulgaria ndiye angeyatumia. Baadhi yao wanasema ni kazi ya Warusi tupu, na maneno ya kusini yametoka tu katika lugha ya vitabu ambayo kila aliyesoma aliijua. Wengine wanaona mikono ya watu wawili au zaidi waliokaa pamoja, Mrusi na Mbulgaria, labda Konstantinopoli au Athos, mlima wa watawa huko Ugiriki. Mimi naegemea upande wa hao wa pili. Kitabu kikubwa kama hiki, chenye teolojia, visa vya jangwani na istilahi za sheria za Kirumi, kilikuwa kazi ya kikundi, na kwenye monasteri za Wagiriki ndiko watu wa mataifa hayo walikokutana.

Fikiria ugumu wenyewe. Sheria ya Justiniani ya mwaka 535 inasema kwamba mali aliyoingia nayo mtu kwenye monasteri ni ya monasteri, na akitoka hatoki nayo. Sentensi kama hiyo inamtaka mfasiri awe na neno la urithi, la umiliki, la mali inayohamishika na isiyohamishika, la kiapo na la dai, katika lugha ambayo maandishi yake yalikuwa bado machanga. Ndiyo maana wanahistoria wa sheria wanaithamini Pandekte ya Kislavoni sawa na wanavyoithamini wanahistoria wa dini: ni mojawapo ya mahali ambapo sheria ya Kirumi iliongea Kislavoni mapema. Vipande vyake vilikatwa vikaingizwa katika mikusanyiko ya sheria za Kanisa na ya mawaidha, hata watu ambao hawakuwahi kukishika kitabu chenyewe walimsoma Nikon bila kujua.

Katika karne ya 14 ilitokea tafsiri ya pili kwa upande wa Wabulgaria, ambayo baadhi huiona kuwa ni marekebisho ya kina ya ile ya kwanza. Hicho kilikuwa kipindi cha Patriarki Euthimi wa Tarnovo, mji mkuu wa Wabulgaria, na watawa wa sala ya kimya, watu walioamini kwamba matini takatifu ikiharibika, imani nayo inayumba. Walikishika Kigiriki kwa karibu zaidi, neno kwa neno. Waturuki walipoiteka Tarnovo mwaka 1393, vitabu na watu wa kusini walikuwa wameshaanza kuelekea kaskazini, na Urusi ikapata wimbi jipya la tafsiri. Wakati huo huo makanisa ya Urusi yalikuwa yakiacha utaratibu wa Studio na kushika ule wa Yerusalemu wenye mkesha wa usiku kucha. Ni nani angewafaa zaidi ya mtu aliyekuwa ameshalinganisha zote mbili? Tunayo nakala ya Taktikoni iliyoandikwa Novgorod mwaka 1397, katikati kabisa ya mabadiliko hayo.

Tufike basi kwenye kinachokutatiza.

Iosif alianzisha monasteri yake karibu na Volokolamsk mwaka 1479, akafariki 1515. Nil aliishi kando ya mto Sora na watawa wachache katika vibanda vilivyotawanyika, akafariki 1508. Wote wawili walikuwa wasomaji wa Nikon kwelikweli, si watu wa kuokota dondoo moja. Waliandika kama yeye: hoja, kisha shahidi, kisha shahidi mwingine. Nil anasisitiza kwamba haandiki ya kwake, anaandika kutoka Maandiko ya Mungu, na anayatumia maneno hayo kwa upana uleule wa Nikon. Iosif katika kanuni yake anamwita Nikon kwa jina anapotaka kuwathibitishia ndugu zake kwamba mtawa hana ruhusa ya kuwa na kitu chake binafsi.

Shika mfano mmoja, mstari wa Matendo 4:32 ambao Basili aliujengea utawa wake wote: "wala hapana mmoja aliyesema ya kuwa kitu cho chote alicho nacho ni mali yake mwenyewe, bali walikuwa na vitu vyote shirika." Iosif akisoma hapo anaona monasteri kubwa: mtawa hana hata kitabu wala ikoni ya kuiita yake, lakini jumuiya ina mashamba, na wakati wa njaa mashamba hayo yanalisha mamia ya watu wanaofika langoni. Nil anasoma anaona mtawa anayekula kwa jasho la mikono yake, anayepokea sadaka kidogo pale nguvu zinapopungua, na kanisa lisilo na vyombo vya dhahabu na fedha. Mstari ni mmoja, Basili ni mmoja, na Nikon amewawekea wote mezani. Mkusanyiko wa ushahidi hauna lazima ya kutoa hukumu. Ukimpa kila mtu mashahidi walewale, umewapa lugha moja ya kubishania, na hilo ndilo Nikon aliloifanyia Urusi.

Tena usiuone ugomvi wa wawili hao kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Habari za Nil kusimama katika mtaguso wa 1503 na kudai monasteri zinyang'anywe vijiji zimeandikwa baadaye, na watu waliokuwa na kesi zao. Waliochunguza miswada wameutambua mwandiko wa Nil mwenyewe katika nakala ya kitabu cha Iosif dhidi ya wazushi. Mtu hakai kunakili kitabu cha adui yake kurasa kwa kurasa. Uadui uliwashika wanafunzi wao, nao wakawarudisha waalimu nyuma na kuwavisha mavazi ya vita.

Historia ya baadaye ya kitabu nitaipitia kwa haraka. Waumini wa Kale, wale waliomkataa Patriarki Nikon uliyemuulizia, walimheshimu sana Nikon wa Mlima Mweusi kama shahidi wa desturi za zamani, na Taktikoni ya Kislavoni ilichapwa Pochaev, katika Ukraine ya leo, mwaka 1795. Kigiriki kilisubiri zaidi. Sehemu ya Taktikoni ya Kigiriki ilitolewa Petrograd (leo St Petersburg) mwaka 1917 na Vladimir Beneshevich, kutoka mswada wa monasteri ya Mtakatifu Katerina ya Sinai. Beneshevich alikuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa sheria za Kanisa la mashariki. Alikamatwa mara kadhaa na serikali ya Kisovieti, na Januari 1938 alipigwa risasi katika mji huohuo, wakati huo ukiitwa Leningrad. Inaniuma kila ninapolifungua toleo lake, kwa sababu kila ukurasa unaonyesha kazi ya mtu aliyekuwa na mengi zaidi ya kutupa.

Na kwa kuwa unasoma ukiwa Afrika Mashariki, jua kwamba kitabu hiki kilifika jirani yetu pia. Pandekte ilifasiriwa kwa Kiarabu, Wakopti wa Misri wakaipokea, na mwishoni mwa karne ya 16 ikatolewa kutoka Kiarabu kwenda Kigeezi kwa ajili ya Kanisa la Ethiopia, ambako inaitwa Mashafa Hawi. Kwa hiyo mkusanyiko uleule uliosomwa Novgorod kwenye theluji ulisomwa na watawa wa nyanda za juu za Ethiopia, na makundi hayo mawili hayakujuana.

Ukitaka kumsoma Nikon mwenyewe, usianze na Pandekte. Anza na kanuni zake mbili, ya Mlima Mweusi na ya Roidion. Zimefasiriwa kwa Kiingereza katika mkusanyiko wa hati za kuanzishia monasteri za Bizanti uliotolewa na Dumbarton Oaks mwaka 2000, na unapatikana bure mtandaoni. Ni fupi, na sauti yake inasikika vizuri humo. Ukishaizoea, chukua kanuni ya Iosif na mafundisho ya Nil uyasome kwa pamoja, ukiweka alama kila mahali mmoja wao anaposema "Nikon". Utaona wanaposhikana na wanapoachana bila kuhitaji mtu wa kukuonyesha.